Nilisikia Kufuli, Nikaongeza Sauti ya Redio

Mpendwa Shangazi Waiyego,

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, naandikia juu ya meza ya cherehani na mguu mmoja bado uko kwa pedali. Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaa wa Munyaka, Eldoret, nashona yunifomu za shule na magauni ya kwaya, nina miaka arobaini na mmoja, mume wangu Maurice ni karani kwenye stoo ya mahindi, na tangu nizaliwe mimi ni mtu wa kutaka kujua mambo, mama yangu alikuwa akisema Mungu alinipa masikio matatu, lakini hili ninalokuandikia nimelizunguka miaka mitatu bila kuuliza mtu yeyote na sasa nimebakisha wiki moja tu.

Tunaishi kwenye ploti ya nyumba kumi, mfereji mmoja wa maji, na ukuta kati ya nyumba na nyumba ni mbao tu, jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kwako. Jirani yangu wa ukuta alikuwa Nekesa na mume wake Mulongo. Mulongo huko nje alikuwa mtu wa watu, fundi wa pikipiki, mcheshi, kanisani ndiye aliyebeba spika za kwaya, na akinikuta na mzigo wa vitambaa ananipokea mpaka mlangoni. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo ploti nzima tuliijua, kabla hajampiga mke wake alifunga mlango kwa kufuli kutoka ndani, kufuli kubwa, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati, na hiyo ni mchana, saa ambayo milango yote iko wazi na mapazia yanapepea. Unasikia tu, klak. Na sisi tukisikia hiyo klak tunaongeza sauti ya redio. Hakuna aliyetufundisha wala hakuna mkutano uliokaa, ilianza tu, Mama wa nyumba namba tatu anaongeza, mimi naongeza, na kwa sababu wote tunasikiliza stesheni moja ploti inakuwa redio moja kubwa. Tulijiambia ni heshima, ati aibu ya mtu isisikike. Na Shangazi, nisikufiche, mara nyingi ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, Mulongo akishatoka gereji, na kipindi kilichokuwa hewani saa hiyo ni chako.

Baadaye Nekesa alikuwa ananiletea nguo nimrekebishie. Nguo ikizeeka inaachia kwenye mshono, uzi ndio hukatika kwanza, lakini za Nekesa mshono ulikuwa mzima na kitambaa ndicho kilichochanika, hapa begani, kama mtu ameshikwa akavutwa. Mimi nilitia kiraka na sikuuliza, kwa sababu fundi hamuulizi mteja nguo imepasukia wapi, na yeye alikuwa anaangalia tu sindano ikipanda na kushuka.

Sasa Jumamosi hiyo, miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nane, nilikuwa nakata kola za yunifomu, nikasikia Mulongo ameingia, amevua viatu, amekaa, kiti kimelia, kisha amesimama tena na kufuli likafanya klak, na mimi nikanyoosha mkono nikaongeza sauti. Sikusikia kelele yoyote. Kitu nilichosikia baada ya hapo ni Nekesa mwenyewe akiita jina langu, mlango wake uko wazi na ufunguo uko mkononi mwake, na Mulongo amelala chini. Alimpiga mara moja tu kichwani kwa mpini wa jembe, ule ule ambao Mulongo alikuwa akimpiga nao. Tulimpeleka hospitali, akafa Jumatatu.

Nikaitwa kortini. Kiongozi wa mashtaka akaniuliza, siku hiyo kabla ya marehemu kupigwa ulisikia kelele? Nikasema hapana. Ulisikia marehemu akimpiga mshtakiwa? Hapana. Akimtukana? Hapana. Akasema asante. Wakili wa Nekesa, kijana ambaye nafikiri alikuwa ameipata faili siku hiyo hiyo, aliuliza kama nimewahi kumuona Nekesa akigombana na majirani, nikasema hapana, basi, nikashuka. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya harusi na nilikuwa nimejiandaa kuulizwa miaka yote, Shangazi, nilikuwa nayo yote mdomoni, na hakuna mtu aliyetaka isipokuwa ile saa moja. Nekesa alipojitetea alisema habari ya kufuli, lakini alisema peke yake. Jaji akasema mtu kufunga mlango wa nyumba yake si kosa, marehemu hakuwa ameshika kitu, na hakukuwa na shambulio. Akapewa miaka ishirini na mitano.

Mama yake Nekesa, Mama Nabalayo, anauza viazi soko la Burnt Forest. Wiki iliyopita alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa karatasi aliyoikunja mara nne. Inasema kamati ya wabunge inakuja hapa Eldoret Alhamisi ijayo saa nne asubuhi, kuchukua maoni ya wananchi kama sheria ibadilishwe, ili mwanamke aliyepigwa miaka mingi akija kuua au kuumiza anayempiga korti ilazimike kuangalia na hiyo miaka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nitasema nini? Mimi nilikuwa Burnt Forest. Wewe ndiye ulikuwa hapa." Hakunilaumu hata kidogo, alikunja karatasi yake, akaniachia viazi na akaenda. Heri angenitukana.

Maurice amekataa, anasema mambo ya watu wawili hayana shahidi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na tena nikisema leo nilichonyamazia jana wataniuliza mbona sikusema kortini, watanifunga mimi sasa kwa kudanganya korti. Jambo lingine ni mama yake Mulongo, tunasali kanisa moja, tunakaa benchi moja, yeye ndiye aliyenishika mkono nilipopoteza mimba. Baada ya mazishi aliniuliza polepole, "Wewe ulikuwa karibu. Mtoto wangu alikuwa akimpiga huyo msichana?" Nikamjibu, sijui, Mama. Sasa nitasimama mbele ya watu na kipaza sauti niseme nini, na yeye akisikia?

Ningenyamaza, lakini kuna kitu kilinitokea juzi Jumanne. Ile nyumba sasa ina wapangaji wengine, wameoana juzi juzi, msichana anaitwa Cate, wapole, sina neno nao. Saa kumi mchana nikasikia klak. Na Shangazi, kabla sijafikiria lolote mkono wangu ulikuwa tayari uko kwa redio. Niliuangalia huo mkono kama wa mtu mwingine.

Kwa hivyo nauliza. Sheria inahesabu wakati namna gani, inaanzia wapi, kwa nini inaanza pale mpini ulipoinuliwa na haianzi kwenye klak? Nikienda Alhamisi nitafungwa? Mtu kama mimi anamwambia mbunge nini, na anasimama ama anakaa? Na ule mkono wangu ulijuaje?

Ni mimi,
Jirani wa Ukuta Mmoja, Munyaka.

SHANGAZI WAIYEGO ANAJIBU

Jirani wa Ukuta, barua yako nimeijibu hapa gazetini na si hewani. Nikikujibu hewani najuaje kama unanisikiliza ama unanitumia kufunika mtu?

Ngai! Miaka kumi na miwili nina kipindi Jumamosi saa tisa. Watu huniambia, Shangazi, ukipita Munyaka saa hiyo redio zote ziko juu, ploti nzima ni wewe, na mimi nacheka na kujipandisha mabega. Nilidhani mnanipenda. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikanywa maji, nikairudia. Umenichoma, na sikuambii usijali, kwa sababu inafaa unichome. Lakini tuyaanze mambo yako, yangu nitayamaliza mwenyewe.

Kwanza ondoa hofu ya jela. Uliapa kusema ukweli, ukaulizwa maswali manne, ukajibu ukweli mara nne. Kutoulizwa si kudanganya. Mimi si wakili, kwa hivyo kabla ya Alhamisi nenda kwa wale mawakili wanaosaidia wanawake bila malipo, ulizia kortini watakuelekeza, uwasomee ulichosema na unachotaka kusema. Maurice mpe salamu zangu. Mwambie anasema mambo ya watu wawili hayana shahidi, na hili lilikuwa na mashahidi wa nyumba tisa, kila mmoja na redio yake. Habari ya kunguni pia mwambie aache, nyinyi mlikuwa mnawasikia kunguni wakitembea.

Uongo wako uko, lakini haukuwa kortini. Ulikuwa kanisani. Mama mzima aliyezika mtoto wake amekusanya nguvu akakuuliza swali ambalo hakuna mzazi anataka jibu lake, na wewe ukamwambia hujui. Ulijua. Hapo ndipo ulipokosa, dada yangu, na hapo ndipo utakapoanzia. Usingoje akusikie kwenye kipaza sauti. Nenda kwake nyumbani kabla ya Alhamisi, bila kuandamana na mtu, ukae, umwambie, "Mama, uliniuliza na nilikudanganya." Huenda atalia. Huenda atakufukuza na benchi litakuwa kubwa sana kwa miezi kadhaa. Lakini huyo mama hakuuliza bure. Mtu huuliza jambo kama hilo kwa sababu kuna kitu alikiona akiwa mama, na amekibeba peke yake miaka mitatu akingoja mtu mmoja amwambie si wazimu. Na Mulongo usimpake matope. Sema alibeba spika na alikupokea mizigo, halafu useme alifunga kufuli. Yote ni kweli.

Sasa maswali yako, ambayo kusema kweli ndiyo yaliyonifanya nikupende. Umeuliza sheria inaanza kuhesabu wapi. Kwa ninavyoelewa, sheria yetu inamwelewa mtu aliyechokozwa akalipuka hapo hapo, kabla damu haijapoa. Inamwelewa pia mtu anayejikinga na ngumi inayokuja. Hebu fikiria sheria hiyo ilimwona nani akilini. Iliona wanaume wawili nje ya klabu, mmoja anatukana, mwingine anarusha chupa, saa hiyo hiyo, nguvu sawa. Haikumwona mtu aliyefungiwa ndani na mwenye nguvu mara mbili yake, ambaye ngumi zake anazijua kwa saa na kwa siku ya wiki. Huyo akingoja ngumi ifike amechelewa. Asipongoja, anaambiwa hakukuwa na shambulio. Kuna majaji ambao huangalia na yaliyopita, hasa wakati wa kupima kifungo, lakini hiyo ni bahati ya kumpata jaji huyo. Haki haitakiwi kuwa bahati, na ndiyo maana hao wabunge wanakuja.

Na swali lako la mwisho, lile la mkono, ulilolitupa mwishoni kama kipande cha kitambaa kilichobaki, ndilo kubwa kuliko yote. Nimeisoma tena hiyo Jumamosi yako. Uliongeza sauti lini? Si baada ya kelele, kwa sababu unasema kelele haikuwepo. Uliongeza baada ya klak. Kwa hivyo wewe, nyuma ya mbao, na mkasi mkononi na kola za yunifomu mapajani, ulijua kinachokuja kabla hakijaja, ukajua kwa hakika kiasi kwamba mkono wako haukungoja kukuuliza. Jaji alisema hakukuwa na shambulio. Mkono wako ulisema lipo, limeshaanza, lilianza kufuli lilipofungwa. Kama wewe ulijua ukiwa upande wa pili wa ukuta, aliyekuwa ndani alijua nini?

Hilo ndilo utakalowaambia wabunge. Usiende kuwahutubia kuhusu haki za akina mama, wamezisikia na wengine watakuwa wanaangalia simu. Waambie kuhusu mkono wako. Waambie ploti ya nyumba kumi ilikuwa na alamu, na alamu hiyo ilikuwa kufuli, na watu wazima wa nyumba tisa waliielewa bila kufundishwa, na korti ndiyo peke yake haikuruhusiwa kuisikia. Kisha waombe kitu kimoja cha kuandikwa: korti ilazimike kuuliza kuhusu miaka, sio saa peke yake, na anayejua hiyo miaka aulizwe. Ungeulizwa, ungesema. Wewe mwenyewe umeniambia ilikuwa mdomoni.

Andika kabla, kwa mkono wako, ukurasa mmoja. Jina lako kamili, namba ya kitambulisho, unakaa wapi, ulisikia nini, unaomba nini. Toa nakala mbili, moja uwape, moja wakugongee muhuri ubaki nayo. Ufike saa tatu, kwa sababu orodha ya wasemaji hujaa mapema na wanasiasa wadogo wa mtaa hupenda kuimaliza. Ukiitwa simama, hata kama watakuambia ukae. Vaa ile suti ya harusi. Na hata hao waheshimiwa wakikusikiliza kisha wakaenda zao wakasahau, Katiba inampa kila mwananchi haki ya kupeleka ombi bungeni, kwa hivyo hiyo nakala yenye muhuri usiifungie maandazi.

Mama Nabalayo umwambie ukweli, asije akapika kuku Alhamisi jioni. Kamati inatunga sheria, haifungui jela. Habari ya rufaa ya Nekesa ni ya wale mawakili, na hapo ndipo viraka vyako vitakapohitajika. Kaa nao uwaeleze kila gauni unalolikumbuka, lilichanika wapi, kwenye mshono ama kwenye kitambaa. Fundi anajua nguo kama daktari anavyojua mfupa. Nenda pia umtembelee Nekesa. Ulimtilia viraka miaka yote hiyo bila neno, safari hii nenda na neno.

Nanyi waheshimiwa, najua ofisini kwenu mnalisoma gazeti hili, japo mwasema ni la akina mama. Mtakapofika Eldoret kuna mwanamke atakuja na karatasi moja. Msimpe dakika mbili. Mwanamke akifungiwa ndani, jirani husema si yake, chifu husema rudini mkaelewane, askari husema leta alama za kupigwa, halafu siku akijitetea wote hao hupata sauti ghafla, na sheria ndiyo huja ya kwanza mlangoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni mistari michache ya sheria, na kalamu mnayo nyinyi.

Limebaki la Cate, wa nyumba ya pili. Labda anaogopa wezi. Labda kufuli walilikuta na nyumba, na bwana harusi hana habari. Hujui, na mimi sijui. Na wewe uliyepewa masikio matatu unangoja nini kuuliza? Jumamosi hii saa tisa nitafungua kipindi kama kawaida, nitasalimu, kisha nitanyamaza dakika nzima. Usipige redio kofi ukidhani imeharibika. Izime. Ukisikia klak, toka nje na bakuli, bisha mlango, uombe chumvi. Ukiwakuta wanakunywa chai, kaa unywe nao. Wakichelewa kufungua, endelea kubisha, na uite kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiipa redio, mpaka nyumba zote kumi zitoke nje.